Kipupwe kina raha zake, tusikipitishe kwa kulalamika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu majira haya tuliyoyaanza. Mvua za masika zimekatika, udongo wa bustani bado una unyevu, na kuanzia sasa hadi Agosti inapokwisha sisi wakazi wa Arusha tutaamka asubuhi nyingi bila kuuona Mlima Meru, ingawa uko hapo hapo juu ya mapaa yetu. Kila mwaka tunakipokea kipindi hiki kwa namna ile ile: watu wakikutana njiani huulizana habari za baridi kabla ya habari za nyumbani, kisha kila mmoja hujikunyata na kuhesabu wiki zilizobaki. Nadhani tunajipunja. Miezi mitatu ni robo ya mwaka, na mtu aliyeishi mjini hapa miaka 60 amekaa ndani ya kipupwe jumla ya miaka 15, muda ambao ni mrefu mno kuupitisha kwa kusubiri uishe.

Ninachotaka kusema ni kwamba baridi ina raha zake ndogo ndogo, nyingi zikiwa za bei ndogo au za bure kabisa, lakini hazijileti zenyewe. Zinataka kupangwa, na kazi ya kuzipanga inataka kugawanywa ndani ya kaya, isiachwe mikononi mwa yule mmoja anayeamka kabla ya wenzake.

Kwanza tuitazame baridi yenyewe inatoka wapi, maana raha zinazoifaa zinafuata tabia yake. Ifikapo tarehe 21 Juni jua huwa limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini, nasi tulio kusini ya Ikweta, ingawa ni kwa nyuzi tatu na ushee tu, tunapata miale iliyoinama kidogo. Hilo peke yake lisingetutetemesha. Kinachotutetemesha ni upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu, unapanda miteremko ya Kilimanjaro na Meru, unapoa kadiri unavyopanda, na unyevu wake unageuka kuwa mawingu mazito ya chini yanayotufunika tangu usiku hadi karibu na adhuhuri. Mwinuko nao una sehemu yake, kwa kuwa hewa kwa wastani hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, ndiyo sababu ndugu zetu wa Moshi huonekana na shati la mikono mifupi wakati sisi tumefunga vifungo vyote vya koti. Ila wakipanda kwenda kuwasalimu wazee wao Marangu, Kibosho au Machame, baridi wanayoikuta huko wataisimulia wenyewe. Usiku wa Julai hapa kwetu kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 15. Msomaji wa Njombe atacheka akisoma hivyo, na mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeshuka stendi akiwa na fulana na makubazi hatacheka hata kidogo.

Nimeeleza haya kwa sababu siku hizi, kila ifikapo Septemba, simu hutuletea picha za Ulaya na Marekani: majani mekundu na ya njano, mishumaa mezani, maboga, mablanketi ya sufu, na watu waliojikunja kando ya moto na kikombe mkononi. Nimewaona vijana wetu wakitumiana picha hizo wakati ambapo huku kwetu jua limekwisha kurudi na vumbi linatimka barabara ya Ngaramtoni. Siwalaumu, picha ni nzuri. Lakini majira yale ya majani kupukutika, ambayo huanza kati ya tarehe 22 na 23 Septemba, yana sababu yake ya kuwasha mishumaa, na sababu hiyo ni giza kuliko baridi. London, ambayo mwezi Juni hupata zaidi ya saa 16 za mwanga wa jua kwa siku, mwezi Desemba hubakiwa na saa zisizotimia 8. Hapa Arusha tofauti kati ya siku iliyo ndefu kuliko zote na iliyo fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Mshumaa unaowafariji wao hauna kazi kubwa kwetu, labda umeme ukikatika, na sioni kwa nini mtu atoe fedha zake dukani kununua mshumaa wenye manukato ya miti asiyoijua ili ajisikie amepata majira. Kinachofaa kuigwa kwao ni ile nia tu: wanayangoja majira yao, wanayaandalia, na yanapofika wanayakalia kitako.

Kwa kuwa kinachokosekana kwetu asubuhi ni jua, raha ya kwanza ya kipupwe cha Arusha ni kuota jua. Kwenye saa sita au saa saba mchana mawingu huanza kupasuka, na kwa saa mbili au tatu mji mzima hupata joto lisilounguza. Wazee wetu walijua kulitumia. Kiti hutolewa nje, mgongo huelekezwa kwenye jua, maharage huchambuliwa hapo hapo, watoto husukwa nywele hapo hapo, na blanketi lililolala na unyevu wiki nzima hutandazwa juu ya ua. Jambo dogo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba miezi hii jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa nyumba unaopata joto ni ule unaotazama kaskazini, wakati mwezi Desemba mambo hugeuka. Anayeweka benchi lake Juni akiliweka mahali pale pale alipoliweka wakati wa Krismasi, atakaa kivulini akitetemeka na kudhani jua la mwaka huu halina nguvu. Wale wanaojenga sasa hivi huko Moshono na Kisongo wangefanya vizuri kulifikiria hili kabla fundi hajamimina zege la baraza.

Raha ya pili ni chungu, na hapa nitakaa kidogo. Sijui chakula kinachofaa asubuhi ya mawingu kuliko mtori. Uchagani mtori huandaliwa hasa kwa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu, lakini hakuna amri inayowazuia wengine kuunywa. Ndizi mshare humenywa na kuchemshwa pamoja na nyama yenye mifupa mpaka zilainike kabisa. Nyama hutolewa pembeni, ndizi hupondwa kwa mwiko, kisha mchuzi wa mifupa hurudishwa kidogo kidogo mpaka upatikane uzito unaotakiwa, na kitunguu na siagi au maziwa hufuata mwishoni. Siku hizi wapo wanaosaga ndizi zile kwa blenda. Matokeo yake ni kitu laini kama dawa ya mtoto, hakina hata punje moja ya kukutana na ulimi, na mimi nakihesabu kuwa ni chakula kingine, si mtori. Kuponda kwa mkono kunachukua dakika chache zaidi, na dakika zenyewe ni za kusimama mbele ya chungu cha moto, jambo ambalo mwezi huu si adhabu.

Makande nayo yana heshima yake msimu huu, kwa sababu chakula kinachotaka saa nyingi jikoni mwezi Februari ni kero na mwezi Julai ni neema. Mahindi na maharage yakilowekwa tangu jana yake, moto unapungua na harufu inakaa ndani ya nyumba mchana kutwa. Uji wa ulezi asubuhi, supu ya makongoro na chapati kwa mama lishe, chai ya maziwa yenye tangawizi ya kutosha kumfanya mtu akohoe: haya kila mtu anayajua. Loshoro ya ndugu zetu Waarusha na Wameru, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ninaipenda sana, ila kwa maoni yangu ni chakula cha siku ya jua. Na msisahau mahindi mabichi. Yaliyopandwa mvua za Machi zilipoanza ndiyo yanayochomwa sasa kandokando ya barabara, Sakina, Mianzini na kwingineko, na hindi la moto lililopakwa ndimu, chumvi na pilipili, likishikwa kwa maganda yake wakati mtu anasubiri daladala, linapasha viganja kabla halijapasha tumbo.

Kinachonishangaza mimi ni kahawa. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wa Kichagga wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake linajulikana mbali kuliko majina ya vijiji vilivyokijenga. Mavuno yenyewe huanza wakati huu wa baridi. Hata hivyo sehemu kubwa ya kahawa yetu husafirishwa nje ya nchi, na nyumba nyingi ambazo mibuni inagusa madirisha yake hunywa majani ya chai kutoka dukani, au kahawa ya unga ya kopo iliyotengenezwa mbali. Si lazima iwe hivyo. Buni zilizokobolewa huwekwa kwenye kikaango kikavu na kukorogwa bila kusimama. Zitabadilika kutoka kijani kuwa njano, kutoka njano kuwa kahawia, zitasikika zikipasuka, na hapo mpishi asiende kuzungumza na jirani, kwa maana kati ya kahawa nzuri na makaa kuna dakika chache sana. Zikipoa zitwangwe kwenye kinu na kuchemshwa kwenye birika pamoja na tangawizi. Watu wa majira ya majani kupukutika hulipa fedha nyingi kupata kikombe cha Kilimanjaro. Sisi tulio chini ya mlima wenyewe tujipe kikombe kimoja kwa wiki, Jumapili mchana, kwenye ule ukuta wa kaskazini niliousema.

Raha ya tatu ni moto, nayo inanilazimu kuandika kwa ukali. Kila baridi inapozidi wako watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na madirisha, kisha wanalala. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu hushindwa kuubebea mwili hewa unayoihitaji. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi ambao mtu huudhani ni wa kawaida. Mkaa uliofunikwa na majivu na usiotoa moshi bado unaitoa gesi hiyo, na kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Moto wa kuota uwe nje au kwenye jiko la uani lililo wazi, watu wauzunguke, wapashe mikono na miguu, na wakati wa kulala ukifika uachwe huko huko. Kitandani ingia na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga, iwe chupa imara inayohimili joto na iliyofungwa vizuri, na soksi nzito, na blanketi la pili. Kama kuna nyumba ambayo watoto hawana blanketi la pili, hilo ndilo linunuliwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote ninachokisifia katika barua hii. Soko la Krokoni kwa sisi wa Arusha na Memorial kwa wa Moshi yana mitumba ya sweta, makoti na mablanketi, na anayefika asubuhi na mapema huchagua.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Tunasifu chai ya tangawizi na uji wa moto kana kwamba vinachemka vyenyewe. Katika nyumba nyingi kikombe kile kinachomkuta baba mezani saa kumi na mbili na nusu kilianza saa kumi na moja, giza likiwa bado nene na sakafu ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, na aliyekianza ni mama, au binti, au msichana wa kazi ambaye sweta lake ndilo jepesi kuliko yote nyumbani. Kwa mtu huyo kipupwe ni miezi mitatu ya maji ya baridi mikononi. Raha ya namna hiyo ina kasoro, hata kama uji una sukari ya kutosha. Najua baadhi ya wazee wenzangu watanuna wakisoma hapa, lakini mimi ni mwalimu mstaafu na nimezoea watu kuninunia.

Ninachopendekeza si kigumu. Usiku kabla ya kulala maji ya uji yachemshwe na kutiwa kwenye chupa ya chai, maharage yalowekwe, mkaa na kuni viingizwe mahali pakavu. Asubuhi kazi iwe ya zamu, na kijana wa kiume aliyefika kidato cha pili asione aibu kukoroga uji, wala baba yake asione aibu kumwona. Angalau siku moja kwa wiki mama abaki kitandani mpaka aitwe, aletewe kikombe chake huko huko alipo, na mtoto amwambie, "Shikamoo mama, leo usinyanyuke, zamu ni yetu." Hapo nitaamini kwamba nyumba ile inaijua raha ya baridi, kwa sababu raha hiyo yote imo katika kupashwa joto na mtu mwingine. Mtu akijipasha mwenyewe huku wenzake wamelala, hiyo ni kazi tu.

Wapo pia walio nje kabisa ya kuta zetu. Mlinzi wa usiku, wauza mboga wanaofika soko la Kilombero kabla ya mapambazuko, vijana wa bodaboda ambao upepo wa asubuhi huwapiga kifuani, na wagumu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, maana huu ndio msimu wa wageni na huko juu maji huganda. Kikombe cha chai kikipelekwa getini kabla ya kulala, na koti ambalo halijatoka kabatini kwa miaka likitolewa, kipupwe chao kinabadilika kidogo, na gharama yake mtu haisikii. Wanafunzi nao nawaombea. Nilipita mwezi Julai karibu na shule moja ambako mtoto mdogo alivuliwa kofia ya sufu mstarini kwa sababu haikuwa ya rangi ya sare, akasimama kwenye manyunyu kichwa wazi wakati matangazo marefu yakisomwa. Nimesimamia mistari mingi maishani mwangu na ninajua umuhimu wa sare, lakini walimu wakuu wana uwezo wa kutangaza kwamba kuanzia Juni hadi Agosti kofia, skafu na soksi za rangi yoyote zinaruhusiwa, na kwamba matangazo yatasomewa darasani.

Kuhusu jioni sina mengi. Kipupwe kinawarudisha watu nyumbani mapema, na hilo peke yake ni zawadi kwa familia ambazo miezi mingine huonana kwa kupishana mlangoni. Redio isikilizwe, mtu mmoja aseme "Kitendawili!" na wengine waitikie "Tega!", bibi aulizwe habari za zamani angali yupo wa kuulizwa, na saa tatu watu walale bila kuona kwamba wamepoteza usiku.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa mwelekeo wake wa kipupwe, gazeti lako lisiishie kutuambia nyuzi ngapi na upepo upi. Litenge nafasi ndogo kila wiki, hadi Agosti iishe, kwa ajili ya mapishi ya baridi, tahadhari ya jiko la mkaa na maarifa ya nyumba zinazoijua baridi kuliko sisi. Ningependa hasa kuwasikia wasomaji wa Makete, Njombe na Lushoto: wanapika nini, wanaota moto wapi, na nani kwao anaamka kwanza.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Ilboru, Arusha.